Programu ya Kununua na Programu ya Kupanga

 Katika toleo la mwaka huu nimeonelea niandike juu ya jambo ambalo wengi hudhani ni la wale wanaochukua somo la Tarakilishi peke yao. La hasha! Ni jambo la maneno kwanza, ndiyo maana nimelileta katika jarida hili. Jambo lenyewe ni programu za kazi, yaani zile ambazo wachoraji wa ramani za nyumba, wachapishaji, wapiga picha na wahasibu huzitumia kujipatia riziki. Zamani mtu alizilipia mara moja akatulia. Siku hizi nyingi zao hulipiwa kila mwezi au kila mwaka, na ukiacha kulipa zinafungwa. Je, tuseme mtu huyu amenunua nini? Na kama hakununua, tuseme amefanya nini?

Tuanze na neno lenyewe, kununua. Nikienda sokoni nikanunua jembe, jembe ni langu. Nitalima nalo miaka kumi, nitamwazima jirani, na nikichoka nalo nitaliuza. Aliyelitengeneza hana neno tena. Programu haikuwa hivyo hata wakati ule wa maboksi. Ndani ya boksi mlikuwa na diski, kijitabu na nambari ndefu ya kufungulia. Lakini kitu hasa ulichokuwa umelipia hakikuonekana kwa macho. Kilikuwa ni ruhusa. Programu ni kazi iliyotungwa, kama vile kitabu, na haki ya kuinakili ni ya mwenyewe. Wewe unapewa leseni ya kuitumia kwa masharti marefu ambayo watu huyakubali bila kuyasoma hata mstari mmoja.

Jambo hili limefika mpaka mahakamani. Huko Marekani kulikuwa na mtu aliyekuwa akiuza kwenye mnada wa eBay nakala zilizotumika za AutoCAD, ile programu ya kuchorea ramani ya kampuni ya Autodesk. Mwaka 2010 mahakama ya rufani iliamua kwamba hakuwa na haki ya kuziuza, kwa sababu hata yule wa kwanza aliyezipata hakuuziwa programu, alipewa leseni tu. Ulaya wakaona vingine. Mwezi wa Julai 2012, katika kesi ya UsedSoft na Oracle, mahakama ya Umoja wa Ulaya ilisema kwamba leseni isiyo na mwisho iliyolipiwa mara moja ni sawa na mauzo, na aliyenayo anaweza kumuuzia mwingine. Basi neno moja likawa na maana mbili, ng'ambo hii ya bahari na ng'ambo ile. Halafu kuna watu husema eti kusoma lugha ni kupoteza wakati!

Hata hivyo, leseni ile ya zamani ilikuwa na sifa moja kubwa, nayo ni kwamba haikuwa na mwisho. Mimi naiita leseni ya kudumu. Toleo jipya likitoka, mwenye lile la zamani aliweza kulitazama, akapiga hesabu, akasema "mwaka huu sina haja nalo", na kesho yake akawasha tarakilishi akaendelea na kazi kama kawaida. Kampuni ndiyo iliyokuwa na kibarua cha kumshawishi. Tafadhali msomaji iweke nguvu hiyo akilini, kwani ndiyo iliyohama.

Mfano ulio wazi kabisa ni Photoshop, programu ya kurekebishia picha. Ilianzishwa na ndugu wawili wa Marekani, Thomas Knoll na John Knoll, na kampuni ya Adobe ikaanza kuiuza mwaka 1990. Mwaka 2003 Adobe iliikusanya pamoja na programu nyingine katika furushi moja lililoitwa Creative Suite. Toleo la sita la furushi hilo lilitoka mwaka 2012. Kisha, tarehe 6 Mei 2013, kwenye mkutano wake mjini Los Angeles, kampuni ikatangaza kwamba hakutakuwa na la saba. Atakayetaka vitu vipya atalipa kila mwezi chini ya jina jipya la Creative Cloud, maana yake wingu la ubunifu. Jina lenyewe linapotosha kidogo. Photoshop haikai mawinguni. Unaiteremsha kwenye tarakilishi yako na inafanya kazi hapo hapo mezani. Kilichoko mbali ni kifungulio.

Hebu tupige hesabu, na wasiopenda Hisabati wanivumilie.

Furushi kamili la toleo la sita liliuzwa dola 2,599. Malipo ya furushi lote mwaka 2013 yalikuwa dola 49.99 kwa mwezi, kwa aliyejifunga mwaka mzima. Ukigawanya unapata miezi 52, yaani miaka 4 na miezi 4, kabla malipo ya mwezi hayajafikia bei ya boksi. Hapa lazima tuseme ukweli: kwa kijana anayeanza kazi mlango ulifunguliwa. Nani ana dola 2,599 mkononi siku ya kwanza? Lakini mpiga picha aliyehitaji Photoshop peke yake hali yake ilikuwa nyingine. Yeye alilipa dola 699 mara ya kwanza, halafu dola 199 kila toleo jipya lilipotoka. Matoleo yalitoka mwaka 2008, 2010 na 2012. Dola 199 kwa miezi 24 ni kama dola 8.30 kwa mwezi. Sasa akaambiwa Photoshop peke yake ni dola 19.99 kwa mwezi. Zaidi ya maradufu! Na akichoka asiseme "mwaka huu sina haja". Watu walipiga kelele, maelfu wakatia sahihi kupinga, na kabla mwaka haujaisha Adobe ikaleta mpango wa wapiga picha wa dola 9.99 kwa mwezi. Kumbe kelele nazo hufanya kazi.

Kwa nini kampuni ifanye hivyo? Wengi husema ni uchoyo tu, basi. Mimi naona jibu hilo ni la haraka mno. Kampuni inayouza maboksi hula karamu mwaka wa toleo jipya na hushinda njaa mwaka unaofuata, ilhali wahandisi wake wanataka mshahara kila mwezi. Isitoshe, boksi la mwaka 2012 likiwa zuri sana, linashindana na boksi la mwaka 2014, kwa maana mwenye nalo ameridhika. Kisha kuna wale walionakili diski na kuuziana vichochoroni bila kumlipa mwenyewe hata senti.

Wala Adobe haikutajirika papo hapo. Mapato yake yalikuwa dola bilioni 4.4 mwaka 2012, yakashuka hadi bilioni 4.06 mwaka 2013, na faida ikaanguka kutoka dola milioni 833 hadi milioni 290. Ilikuwa kama mkulima anayeng'oa mahindi ili apande michai. Miaka ya kwanza atalia, lakini chai ikishika, hulipa kila mwezi. Mwaka 2024 mapato ya Adobe yalikuwa dola bilioni 21.5. Wengine nao hawakukaa kitako. Microsoft ilikuwa imeanza Office 365 mwaka 2011, ingawa haikuacha kabisa njia ya zamani, maana mwaka 2024 ilitoa tena Office ya kulipiwa mara moja. Autodesk iliacha kuuza leseni za kudumu za programu zake nyingi mwishoni mwa Januari 2016.

Wala si jambo geni duniani. Kampuni ya IBM miaka ya zamani ilikodisha mashine zake na haikutaka kuziuza, mpaka mapatano ya mahakamani kati yake na serikali ya Marekani mwaka 1956 yakailazimisha kuwapa wateja nafasi ya kununua.

Sasa turudi kwenye Kiswahili, maana hapa ndipo penye utamu. Malipo haya ya kila mwezi tuyaite nini?

Mara nyingi utasikia yakiitwa usajili. Sikubaliani. Kusajili ni kuandika jina kwenye orodha. Mwanafunzi husajiliwa kwa mtihani wa KCSE mara moja, hasajiliwi kila mwezi, na hata akichelewa kulipa karo jina lake halifutiki kwenye ile orodha usiku wa manane. Wengine husema mchango. Mchango ni wa hiari, ni harambee, na anayechanga ana sauti katika kikao. Neno ada si baya sana, kwani sisi hulipa ada ya chama hiki. Lakini mwanachama akitaka atagombea uenyekiti, na mteja wa programu hata akilipa miaka ishirini hatagombea chochote. Yanabaki maneno mawili: kukodi na kupanga.

Wengi huyachanganya haya mawili, lakini mimi nayatofautisha hivi. Tunakodi baiskeli. Tunakodi matatu ya kwenda mechi. Tunakodi hema na viti vya harusi. Jioni unarudisha kitu cha watu unaenda zako, hakuna chako kilichobaki ndani. Lakini nyumba tunapanga. Mpangaji anaingia na kitanda chake, sufuria zake na vitabu vya watoto. Mwezi ukipita bila kodi, mwenye nyumba anakuja na kufuli. Nyumba ni yake, hilo halina ubishi. Vitu vilivyofungiwa ndani ni vya nani?

Ndivyo ilivyo programu. Chukua mtu anayetengeneza kurasa za majarida kwa InDesign, programu nyingine ya Adobe. Amefanya kazi miaka mitano, ana mafaili mia tatu. Siku akiacha kulipa, mafaili bado yako kwenye tarakilishi yake, hakuna aliyemnyang'anya. Lakini kuyafungua ayarekebishe kunataka programu ile ile, na programu ina kufuli. Ndiyo sababu nasema amepanga, hakukodi. Nalo neno kupanga lina maana zaidi ya moja, kwa hivyo huyu anayepanga kurasa kwa programu ya kupanga ni mpangaji mara mbili. Mwalimu wa sarufi atafurahi.

Labda mtu atasema habari ya kufuli nimeitia chumvi. Basi asikie haya. Mwezi wa Mei 2014 mtambo wa Adobe wa kuwatambua wateja uliharibika kwa zaidi ya saa 24. Watu waliolipa kodi yao barabara wakashindwa kuingia kwenye akaunti zao, na baadhi yao kazi zikakwama. Hilo lilikuwa la siku moja. Lililotokea Venezuela lilikuwa zito zaidi.

Mwezi wa Agosti 2019 Rais Donald Trump wa Marekani alitia sahihi amri ya vikwazo dhidi ya serikali ya Venezuela. Mapema mwezi wa Oktoba, Adobe ikawaarifu wateja wake wote wa nchi hiyo kwamba ili kuitii amri hiyo, akaunti zao zitafungwa tarehe 28. Si maafisa wa serikali peke yao, bali kila mtu: mchoraji, mpiga picha, mwanafunzi, mwandishi wa gazeti, hata yule asiyeipenda serikali yenyewe. Wakapewa hadi siku hiyo wawe wameteremsha kazi zao. Mwanzoni wakaambiwa hata pesa walizolipa hazitarudishwa, kisha kampuni ikabadilisha neno hilo. Tarehe 28 ilipofika, Adobe ikatangaza kwamba serikali ya Marekani imeipa ruhusa ya kuendelea kuwahudumia. Waama wakapumua. Lakini hebu fikirini zile wiki tatu! Watu hawa hawakukosa kulipa. Ugomvi ulikuwa wa wakubwa, na kifungulio cha kazi yao kilikuwa nchi nyingine. Mwenye leseni ya kudumu ya mwaka 2012, ambayo tayari inafanya kazi kwenye tarakilishi yake, hakuwa na haja ya kusubiri barua ya mtu.

Nisije nikaonekana nashangilia mambo ya kale. Leseni ya kudumu haina dawa ya uzee. Mwaka 2019 Apple ilipotoa mfumo wake uitwao Catalina, programu nyingi za zamani, za Creative Suite zikiwemo, zilikataa kufanya kazi juu yake. Kwa hivyo neno kudumu linataka nyongeza: hudumu muda ambao ile tarakilishi itadumu.

Mjomba wangu ana duka dogo la kuchapisha kadi za harusi na ratiba za mazishi, naye anatumia leseni yake ya mwaka 2012 hadi leo. Siku moja nilimwuliza, "Mjomba, si ulipe ya mwezi upate toleo jipya?"

"Mpwa wangu," akaniambia, "nalipa kodi ya duka, nalipa stima, nalipa kanjo. Sasa nilipe na kodi ya rangi?"

Nilicheka, lakini baadaye nilikaa na kalamu nikaona hoja yake. Kazi yake ni ya msimu. Agosti na Desemba harusi ni nyingi hata anakesha. Januari wazazi wote wanatafuta karo, hakuna anayeoa. Kodi ya programu haijui Januari. Tena inahesabiwa kwa dola. Dola 50 katikati ya mwaka 2013 zilikuwa kama shilingi 4,200. Dola 50 zile zile mwezi wa Januari 2024 zilikuwa kama shilingi 8,000. Hata kama mwenye nyumba asingepandisha kodi hata senti moja, mpangaji wa Kenya angeiona imepanda karibu maradufu. Boksi lililonunuliwa mwaka 2012 halikuijua habari hiyo.

Kuna na jambo la kuhama. Mwezi wa Juni 2024 serikali ya Marekani iliishtaki Adobe mahakamani, ikidai kwamba kampuni iliwaficha wateja gharama ya kujiondoa. Mpango wenyewe ni ule wa mwaka mzima unaolipwa kidogo kidogo kila mwezi. Kwa mujibu wa mashtaka, aliyetoka katika mwaka wa kwanza alitozwa nusu ya malipo ya miezi iliyobaki. Kwa mtu kama mjomba, ambaye angependa kulipa Agosti na Desemba tu, hapo ndipo penye mtego. Anadhani amepanga kwa mwezi, kumbe amepanga kwa mwaka.

Je, hakuna njia ya katikati? Ipo, na mimi naipenda. Kampuni ya JetBrains ya mjini Prague hutengeneza zana za kuandikia programu. Mwezi wa Septemba 2015 ilitangaza kwamba nayo inaingia katika kupangisha. Waandishi wa programu si watu wa kunyamaza. Walilalamika kwa hoja, na mwezi huo huo kampuni ikarekebisha mpango: anayelipa miezi 12 mfululizo, akiacha kulipa, anabaki na lile toleo lililokuwapo alipoanza miezi hiyo, nalo ni lake la kutumia daima. Hapati mapya, lakini kufuli haiji. Ni kama mpangaji aliyelipa mwaka mzima aambiwe, "Ukihama, chumba hiki kimoja nakuachia." Nimejiuliza kwa nini wengine wasiige, na jibu ninalolipata ni lile lile la nguvu: ukimwachia mtu chumba, itabidi umshawishi tena kila mwaka.

Zipo pia programu za bure kabisa, zinazotengenezwa na watu wa nchi nyingi kwa pamoja: GIMP kwa picha, Inkscape kwa michoro, LibreOffice kwa barua na hesabu, Blender kwa sinema za katuni. Si kila fundi ataziona zinamtosha, hasa kama mteja wake anataka faili la aina fulani. Lakini kwa kujifunzia mtu asitafute kisingizio.

Neno moja kwa wenzangu wa somo la Uchoraji na Usanifu. Autodesk huwapa wanafunzi AutoCAD bila malipo, mwaka mmoja mmoja, mradi uthibitishe kwamba bado unasoma. Ichukueni, ni nafasi nzuri. Lakini mjue kwamba siku mtakayoacha kuwa wanafunzi, michoro yenu ya miaka yote itakuwa ndani ya nyumba ambayo kodi yake mtaanza kudaiwa. Kwa hivyo kila mchoro uhifadhini mara mbili: mara ya kwanza kwa umbo la programu yenyewe, na mara ya pili kwa umbo linalofunguliwa na programu nyingine. Michoro ya ramani ina DXF, picha zina PNG na TIFF, michoro ya mistari ina SVG. Kurasa zilizokamilika ziwekeni katika PDF. Cha kuchekesha ni kwamba PDF ilibuniwa na Adobe hiyo hiyo, na tangu mwaka 2008 ni kiwango cha kimataifa, kwa hivyo huhitaji ruhusa ya Adobe kuifungua. Ila PDF ni ya kusomea zaidi kuliko kurekebishia, msije mkafuta faili la asili.

Yule mwenye neno bora kuliko kupanga amletee katibu wa chama kabla ya mkutano wa kwanza wa muhula ujao, tulijadili mbele ya mlezi wetu. Maneno yote yatapokewa. Usajili peke yake ndio nitakaoupinga.